Chura Niliyesema Hayupo

Ile jioni ya mwanzo wa itumba, mvua ndefu zinapoanza, naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka najikasirikia upya. Wewe nawe unanizidishia hasira, maana jana nimekuona ukiandika "hakuna chura" baada ya kusimama bondeni dakika mbili huku unaongea na simu. Kaa chini. Zima hiyo simu. Nimesema zima, sikusema igeuze.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Familia yetu ilikuwa imerudi Kigali kutoka Ngara, Tanzania, na Kiswahili changu ndicho kilichonipatia kibarua kwa mwalimu mmoja Mkenya aliyekuwa akichunguza vyura wa mabonde ya Kigali. Kazi yetu ilikuwa kusikiliza tu. Mvua za kwanza zikinyesha, madume huanza kuita majike, na kila aina ina mwito wake. Chura wa kwenye mafunjo hulia kama glasi mbili zinazogonganishwa. Yule mkubwa mwenye ngozi ya vipele hukoroma kama mjomba wako akishiba ubwabwa. Mgumu alikuwa yule tuliyemwita mkimbiaji, kwa sababu hukimbia badala ya kuruka. Huyo hutoa sauti moja, "kwip", kama tone likianguka mtungini, halafu hunyamaza mpaka ukate tamaa.

Tulisikiliza wawili wawili, kila mtu na karatasi yake, dakika kumi bila neno. Mwenzangu aliitwa Donata, msichana mpole wa Kigali, ambaye Kiswahili alikiokota sokoni. Mimi nilikuwa najua kila kitu. Usicheke, unadhani umerithi kwa nani?

Jioni hiyo, katika bonde lililo chini ya kilima cha Rebero, nilikuwa na haraka kwa sababu shangazi alikuwa na wageni. Dakika ya sita nikaandika: mkimbiaji hayupo. Nikakunja karatasi. Donata alimaliza dakika zake, akaandika: yupo mmoja.

Kesho yake mwalimu akatuita na karatasi zetu.

"Mimi nilisikia iko moja," Donata alisema. "Iko mbali kule, kwa maji."

"Hakuna kitu," nikadakia. "Lile ni bomba linalovuja. Mimi nimekua na vyura, huyu bado anajifunza."

Donata akanitazama, kisha akainamisha kichwa. "Labda ni bomba," akasema.

Umesikia hapo, mwanangu? Haki ilikuwa yake, na mimi nilimnyang'anya kwa kupaza sauti tu. Mwalimu akaniamini. Wiki iliyofuata Donata hakupangwa tena.

Baada ya siku chache nilirudi bonde lile na Mzee Selemani, dereva wetu, Mtanzania wa Kigoma. Alitandika mkeka kando ya gari akaswali magharibi, nami kwa heshima nikanyamaza, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile. Kwip. Nikabana pumzi. Muda ukapita. Kwip. Ilitoka upande wa maji, palepale aliposema Donata. Na bomba halikuwepo. Sikuwahi kuliona bomba lolote pale, nililitunga.

Mzee alipomaliza swala nikamweleza yote. Hakunipa pole.

"Siku ile ulijua kwamba hayupo," akauliza, "au hukumsikia?"

"Si ni kitu kimoja, mzee?"

"Binti, unanichosha! Nani alikutuma umsemee chura? Kama hukusikia, sema hukusikia, basi. Mwenzako angebaki na kazi yake. Kesho asubuhi utamweleza mwalimu, na mimi nitakuwepo."

Nilimweleza. Nikaondolewa kwenye kusikiliza, nikawa wa kubeba vifaa mpaka mvua zilipokwisha. Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni kile cha mtaa wa Niboye, nilikomkuta Donata kwa dada yake akishona sare za shule. Nilimwomba msamaha, nikamwambia kwamba mwalimu anamtaka arudi. Akasimamisha cherehani.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini kurudi, oya, hapana. Nilisikia vizuri, wewe ukanifanya nikatae masikio yangu. Sitaki tena hiyo."

Hakurudi. Sikio zuri kuliko yote tuliyokuwa nayo likaishia kusikiliza cherehani, kwa sababu mimi niliwahi wageni wa shangazi. Mpaka leo nashika kichwa.

Kwa hiyo nisikilize, na usinikatize. Ukienda bondeni, maliza dakika zako umefunga mdomo. Usichokisikia, andika kwamba hukukisikia, usiandike hakipo. Na mwenzako mpole akisema amesikia, usimzidi sauti. Mwombe akuonyeshe upande, simama naye, ngoja. Sisemi habari za vyura peke yake. Fanya hivyo kazini, na kwa huyo mchumba wako ambaye hujawahi kumwacha amalize sentensi. Nimechoka kukuambia, na nitakuambia tena.

Haya, nenda, mvua imekatika. Imana, Mungu wetu, akutangulie, mwanangu, akufungue masikio. Na siku utakapokosea, akujalie ulitamke kosa lako mapema, uliyemuumiza akiwa bado anataka kurudi.