Ridhaa ya Mama Yangu

Nilianza kusoma shahada ya uzamili ya uandishi wa kubuni nikiwa nimeshastaafu ualimu, na wajukuu ninao. Namshukuru Mungu kwa macho ambayo bado yanaona. Darasa letu lilikuwa Jumamosi, katika ukumbi wa kukodi mtaa wa Mukendo, nami nilikwenda kwa miguu kutoka kwangu, mtaa wa Kitaji. Tulikuwa wanafunzi sita. Mwalimu wetu alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wangu. Alinipa shikamoo kwanza, ndipo akaikosoa kazi yangu bila huruma.

Utaratibu ulikuwa huu: unasoma kazi yako kwa sauti, kisha unanyamaza wenzako wakiijadili. Huruhusiwi kujitetea. Mimi nimekuwa katekista tangu ujana, kazi yangu ni kufundisha na kujibu maswali. Kunyamaza kule sikukuzoea.

Nilipomaliza kusoma hadithi yangu ya tatu, mwenzangu mmoja kutoka Kabasa, Bunda, mama mcheshi anayefundisha sekondari, aliuliza, "Mzee wangu, tusimame tuseme Amina?"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, maana alisema kweli.

"Huwaga unafanya hivi," akaendelea. "Watu wako wote wanatubu ukurasa wa mwisho. Hata yule mwizi wa ng'ombe! Mimi wezi wa ng'ombe wa kwetu nawajua, baba. Hawatubu haraka hivyo."

Mwalimu hakucheka. "Mzee, katika kazi zako wengine wanakosa, wewe unawasamehe. Wewe ulimkosea nani?"

Utaratibu haukuniruhusu kujibu. Lakini jibu nilikuwa nalo.

Huku kwetu Mara, mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume huweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, ili watoto wazaliwe kwa jina la nyumba yake. Mama yangu aliolewa hivyo, kijijini Butiama. Aliyemwoa tulimwita bibi. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyeuza maziwa nikasoma.

Nilipokuwa kijana, katekista mpya mwenye mafundisho mengi kichwani, bibi aliugua. Akaniita, akaomba ubatizo. Ningeweza kumbatiza palepale, kwa maji ya mtungini. Katekista anaruhusiwa mtu akiwa katika hatari ya kufa. Badala yake nilimwambia kwamba nyumba yake haikuwa ndoa mbele ya Kanisa, na kwamba lazima kwanza mama yangu aondoke. Nilisema bibi akishaamua, nitakuja na padri. Padri alikuwa mbali, nami sikufanya haraka. Bibi alikufa siku ya nne. Padri aliposikia alinikaripia vikali, akasema sikumwelewa Mungu wala Kanisa. Mama sikuwahi kumwambia.

Niliyaandika hayo, na yakawa sura ya kati ya tasnifu yangu. Chuo kinataka kila mtu aliye hai anayetajwa katika kumbukumbu za namna hiyo atoe ridhaa, kwa sahihi au dole gumba. Kwa hiyo nikapeleka fomu na karatasi zangu kwa mama. Angekataa, sura ikaondolewa, nisingejali sana. Nilichoogopa ni kwamba nimezeeka nikiwa mwana mwema machoni pake, kisha siku moja anione mtu mwingine.

Alikuwa uani akianika mihogo. Hajui kusoma, na Kiswahili chake ni cha sokoni, kwa hiyo nilisoma sentensi moja moja nikimfasiria kwa lugha yetu. Nilipomsifu bibi kuwa mpole, alinikatiza.

"Nani alikuwa mpole? Futa. Andika alikuwa mkali, na alitupenda."

Nikafuta. Nilipofika ukurasa wa ugonjwa, sikuusoma. Nikafunua, nikaanza kusoma habari za mazishi.

"Umefunua karatasi mbili," mama akasema, macho yake yakiwa kwenye mihogo.

"Zimeshikana, mama."

"Zibandue."

Mzee wa umri wangu, niliyefundisha watoto wa watu amri ya nane, usiseme uongo, nilikuwa nimemdanganya mama yangu mchana kweupe. Nikarudi nyuma, nikasoma ukurasa wote. Sikumtazama.

Alipanga vipande kadhaa vya mihogo kabla ya kusema. "Hayo nayajua. Aliniambia jioni ileile. Alisema, mtoto wetu anataka uondoke ndipo anipe maji. Nikaingia ndani nikafunga mzigo wangu, nguo na sufuria moja. Nilisema, acha niende, apate Mungu wake."

"Ukaenda?"

"Niende wapi? Aliinuka kitandani, mgonjwa vile, akaja akiushika ukuta, akaufungua mzigo. Akarudisha sufuria mahali pake. Akasema kama Mungu anamtaka, anamtaka na watu wake. Akalala. Hakuongea tena habari ya ubatizo."

Nilikuwa nimeishi miaka hiyo yote nikidhani bibi alikufa akinisubiri. Kumbe hakunisubiri.

"Mama, nisamehe."

"Mimi hukunifanya kitu, nilibaki kwangu. Yule ndiye uliyemnyima." Akanyoosha mkono kuelekea fomu, kisha akaurudisha. "Hilo la mzigo halimo humo. Liandike kwanza. Sitaki wasomi wako wadhani alikuwa mtu wa kuhurumiwa."

Nikaandika palepale, kwa kalamu, nyuma ya karatasi. Nikamsomea. Akasema nimeweka maneno mengi ya Mungu kinywani mwa bibi. Bibi alisema machache tu. Nikapunguza. Nikasoma tena. Ndipo akafuta kidole kwenye kanga, akakibonyeza kwenye wino niliouleta, akaweka dole lake mahali palipoandikwa ridhaa.

Kaburi la bibi liko nyuma ya nyumba. Sala za marehemu nazijua kwa moyo, nimewaongoza wengi kuzisali. Nilisimama pale na sikuanza na sala yoyote. Kwa lugha yake, nilimwambia bibi kwamba nilimnyima maji ya ubatizo, na kwamba hakuna aliyenituma, wala Mungu wala Kanisa.