Mlango Nilioutia Bawaba

Kosa la kwanza lilitokana na neno lenyewe. Nilimpigia kaka yangu simu Mombasa nikamwambia tumenunua trela, naye akaniuliza tutakuwa tukibeba nini. Kwao huko trela ni lile gari refu la mizigo linalotoka bandarini kwenda Kampala, na kaka yangu, aliyeifanya kazi hiyo mpaka akakoma, alikuwa ameshaanza kunitafutia dereva. Nikamweleza kwamba letu ni nyumba ndogo ya magurudumu, yenye kitanda, jiko na choo, inayofungwa nyuma ya gari na kukokotwa, na kwamba tutambeba mama. Alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hivyo mumeenda Marekani yote hiyo," akasema, "mukanunua kibanda."

Mimi sikucheka. Nina hasira za karibu, na trela lile lilikuwa moyoni mwangu kuliko nilivyotaka watu wajue.

Mama yetu anakaa nasi hapa Adelphi, mwaka wa nne sasa. Ana mdogo wake huko Ohio, ndiye pekee aliyebaki kati ya dada zake wote, na huyo mama mdogo figo zimemshinda. Siku tatu kwa wiki huunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Wanazungumza kwenye simu kila asubuhi baada ya chai. Kila asubuhi mama mdogo humaliza kwa swali lile lile, waja lini, na mama humjibu inshallah, kisha hukata simu na kukaa akiitazama. Tangu mama aingie nchi hii hawakuwa wameonana hata mara moja.

Sababu ilikuwa choo. Nasema wazi kwa kuwa mama mwenyewe haoni haya kulisema. Anakunywa dawa za presha zinazompeleka chooni kila baada ya muda mfupi, na vyoo vya njiani havina maji ya kujisafishia, vina karatasi tu. Ndege aliapa hapandi tena tangu askari wa kike wa uwanjani ampapase juu na chini mbele za watu. Tuliwahi kujaribu kwa gari. Hata mji wa Frederick, mwendo wa kama saa moja tu, hatujaupita, mama akaingia choo cha kituo cha mafuta na chupa yake ya maji, akatoka ameloa mpaka soksi, akasema turudi. Tukarudi.

Mwaka jana watoto wa mama mdogo walianza kunipigia simu kwa sauti za chini, wakinieleza mambo ambayo daktari hakutaka kumwambia mgonjwa mwenyewe. Hapo ndipo nilipoamua kwamba kama mama hawezi kwenda chooni kwa watu, basi choo kitakwenda naye.

Kazi yangu ni kuendesha basi la shule, kwa hiyo kukokota kitu kirefu hakunitishi. Mume wangu ni fundi wa viyoyozi, mtu wa Buyenzi, Bujumbura. Tumeoana miaka ishirini na mbili na mpaka leo hatujakubaliana jina la bisibisi. Yeye huiita turnevisi. Nikimwambia nipe bisibisi huangaza macho pande zote kama mtu aliyepotelewa na kitu, mpaka niinuke nikaichukue mwenyewe.

Trela lilikuwa jipya kabisa, viti bado vina plastiki, lakini aliyelitengeneza hakumfikiria mtu kama mama. Majengo yetu hayaruhusu kuegesha kitu cha namna ile, kwa hiyo tulikodi nafasi kwenye uwanja wa magari kule Lanham, na Jumamosi na Jumapili tukawa tunashinda huko na makasha ya vifaa na chupa ya chai.

Tulianza na choo. Tulitia mpira wa maji wenye kibonyezo pembeni, kama ule wa nyumbani, ukaunganishwa na bomba linalotoka kwenye tangi. Mume wangu alipiga magoti kukaza viungo, nami nikawasha pampu kabla hajaniambia. Maji yakamtandika usoni. Hakupiga kelele wala hakuinuka. "Ina-leak," akasema kwa utulivu, ndevu zikichuruzika, nami nilicheka mpaka ikabidi nikae chini. Tukanunua kiungo kingine na safari ya pili hakikuvuja hata tone.

Halafu ngazi. Ile ya kiwandani ilikuwa ya chuma, nyembamba, na vidato vyake vimeachana sana. Mama hapendi kupimwa wala kuulizwa habari za magoti yake, kwa hiyo nilitoka na futi nikapima ukingo wa njia mbele ya jengo letu, ule anaoupanda kila siku bila kushikwa mkono. Nikatengeneza ngazi ya mbao ambayo hakuna kidato kinachozidi kimo kile. Tukafunga vishikio viwili mlangoni. Tukakishusha kitanda. Meza ya kulia tukaing'oa, nafasi yake tukaweka kiti cha kusalia na sofa la kukunjua, ambalo mimi na mume wangu tungelalia.

Lakini kazi niliyojivunia kuliko zote ni mlango. Chumba cha kulala kilitengwa na sehemu nyingine kwa pazia tu, na mimi nililichukia pazia lile tangu siku ya kwanza. Mama amelea watoto saba katika vyumba viwili. Maisha yake yote watu wamepita mbele yake wakienda na kurudi, na sasa nimlaze nyuma ya pazia kama mgonjwa wa wodi?

"Bibi, rido si inatosha?" mume wangu akauliza.

"Ni pazia," nikamwambia, "na halitoshi."

Mlango ule ulinichukua wikiendi mbili. Nilikata plaiwudi nyepesi, nikaipiga msasa mpaka ikateleza, nikaitia bawaba tatu na kitasa ambacho hata vidole vyake vyenye baridi yabisi vingeweza kukishusha. Ulipofungika mara ya kwanza bila kukwaruza sakafu niliufungua na kuufunga tena mara kumi hivi. Nilikuwa na furaha ya kitoto, nakiri.

Jumapili moja baada ya adhuhuri tukamleta mama kuliona trela. Alipanda ngazi bila kusimama, na nilimwona akitazama chini kwenye vidato, akikitambua kimo cha ukingo wetu wa njia. Aliingia chooni akaubonyeza mpira, maji yakaruka, akautikisa mkono wake akicheka. "Hapa umefanya kazi," akasema. Akauliza kibla cha nyumba hii kiko wapi. Nikamwambia kinategemea tumeegesha vipi, tutakitafuta kwa simu kila tutakaposimama. Akalifikiria jambo hilo akalikubali. Kisha akaketi kitandani, akalibonyeza godoro.

"Sasa tazama," nikasema, nikatoka nikaufunga mlango, naye ndani.

Nikangoja anisifu. Mume wangu alinitazama.

"Mama?"

"Fungua."

Nikafungua. Alikuwa amekaa vile vile, mkono juu ya godoro, lakini uso wake ulikuwa umebadilika.

"Na weye utalala wapi?" akauliza.

"Huku, kwenye sofa, na mume wangu."

"Na mlango?"

"Tutaufunga, upate kupumzika."

"Basi miye siendi."

Hasira zikanipanda. Nilimwambia nimejikata vidole kwa ajili yake, nimeacha wikiendi zangu zote kwenye uwanja huu, na kila kitu nimekifanya kwa kipimo chake. Nikamwambia mdogo wake anakufa na yeye anachagua milango. Neno hilo, anakufa, hakuna aliyekuwa amelitamka mbele yake. Mume wangu aliteremka ngazi akatoka nje. Nami nilisimama pale nikitamani kulirudisha mdomoni.

"Kaa," mama akasema.

Nikakaa kando yake.

"Miye nimelala kitanda kimoja na mamangu," akaanza, bila haraka. "Nikatoka hapo nikalala na dada zangu. Huyo wa Ohio alinitia mateke ya mbavu mpaka siku ya arusi yangu. Kisha nikawa na babako. Kisha nyinyi, mmoja huku na mmoja huku. Alipofariki babako, wajukuu wakawa wanapokezana kuja kulala nami. Sikulala peke yangu hata siku moja mpaka nilipokuja kwako."

"Nilikupa chumba chako, mama."

"Ulinipa. Mgeni ndiye hupewa chumba peke yake. Nikasema basi, wananifanyia ugeni, utakwisha. Nikangoja. Mwaka wa kwanza ukapita." Alilinyoosha shuka kwa kiganja. "Kila siku baada ya isha waja waniuliza kama nataka maji, kisha waufunga ule mlango polepole. Naisikia mpaka ile tiki ya mwisho ya kitasa."

"Mbona hukusema?"

"Nikuambie nini? Mtu mzima niombe kulaliwa karibu kama mtoto?"

Nilikuwa naufunga ili televisheni isimsumbue, na ili mimi ninayeamka alfajiri kwenda kwenye basi nisimwamshe kwa vishindo. Niliufunga polepole kwa sababu nampenda. Kila nikiwasiliana na ndugu zangu kule nyumbani nilikuwa nawatajia chumba cha mama, kitanda chake, kabati lake, mlango wake, nami nikingoja waone jinsi nilivyomtunza. Niliona aibu pale kitandani, aibu ya kweli, inayopanda mpaka masikioni. Nikamwomba radhi kwa neno nililolisema na kwa ile miaka. Alinipigapiga goti mara mbili, kama alivyokuwa akifanya tukiwa wadogo tunapomaliza kulia.

Mume wangu alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na kasha la vifaa mkononi. Sijui alisikia kiasi gani.

"Hii mlango tunaitoa leo ama kesho?" akauliza.

"Leo," nikasema. "Nipe turnevisi."

Akanipa. Hakunitania, na nilimshukuru kwa hilo.

Bawaba tatu zilizonichukua wikiendi mbili zilitoka kabla chai haijapoa. Lile pazia la kiwandani nilishalitupa, kwa hiyo tulipita madukani Wheaton tukanunua jingine, la kijani, mama akalichagua mwenyewe. Tulipofika nyumbani mume wangu hakuvua viatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mama akautoa na mlango ule wa humo, tukauficha nyuma ya kabati mpaka siku atakayokuja mkaguzi wa jengo. Mimi nikahamishia godoro langu chini ya dirisha la mama. Mume wangu alisema asihurumiwe, ana simu yake na habari za mpira. Wiki ya kwanza mama aliongea sana, habari za watu nisiowajua, ndoa za zamani, nani aligombana na nani kisimani, na mimi nikawa nakwenda kazini nikipiga miayo.

Tulikwenda Ohio watoto wa shule walipofunga. Njia nzima tulisimama kila mama alipotaka, nami nikashuka kumfungulia trela, akapanda, akashuka, akaingia tena garini mkavu. Mara ya tatu alisema choo hiki ni bora kuliko cha Adelphi. Nilishika usukani nikatazama mbele, maana machozi yalikuwa karibu.

Mama mdogo alitutokea nje ya nyumba ya mwanawe akiegemea kigari chake cha kutembelea, amekonda kuliko kwenye simu. Mama alimshika uso kwa mikono miwili. Kisha mama mdogo akasema anataka kukiona hicho kibanda. Kumbe kaka yangu alikuwa ameshamsimulia. Alipanda ngazi yangu kidato kwa kidato, mkono kwenye kishikio, na juu akapumzika kidogo. Mama akamlaza upande wa ukutani, kisha naye akajilaza, bado na mtandio kichwani, mchana kweupe. Niliwasimamia nikiwauliza kama wanataka mto mwingine, kama wanataka maji.

"Funga mlango," mama akaniambia.

"Mlango tuliutoa, mama."

"Vuta pazia, kisha toka ufunge wa nje. Tuna yetu."

Nyuma yangu mama mdogo alikuwa tayari anacheka, analalamika kwamba anabanwa ukutani kama zamani. Nikavuta pazia, nikateremka, nikaufunga mlango wa nje polepole mpaka tiki ya mwisho, kama nilivyozoea kuufunga ule wa Adelphi, ila safari hii ndani walikuwa wawili.