Limi na Meza Isiyo na Vumbi

Kabla sijamjua Limi kwa jina, niliijua meza yake.

Nyarugusu, huku Geita, ni mahali pa vumbi. Makarasha yanasaga mawe ya dhahabu mchana na usiku, na vumbi lake jepesi, lenye rangi ya unga wa muhogo, linaingia kwenye madarasa yetu kupitia madirisha yasiyo na vioo. Kila asubuhi wanafunzi wa kidato cha pili huanza siku kwa kufuta meza zao kwa mkono wa sweta, kwa karatasi, wengine kwa kiganja tu. Limi alikuwa anafika wa mwisho. Kabla ya shule humbebea mama yake ndoo ya maandazi hadi mwaloni, pale wachimbaji wanapooshea udongo wa dhahabu, kisha hukimbia kuja darasani. Alikuwa anaingia akihema, anaketi na kufungua daftari. Meza yake haikuwa na vumbi hata kidogo.

Mimi nilikuwa mgeni, mwalimu wa kujitolea niliyetoka chuo kikuu, nikifundisha Kiswahili na Historia. Nilijisemea kwamba huyu ni binti msafi na nikaendelea na somo.

Limi ana miaka kumi na mitano. Ni mrefu, mwembamba, na akicheka huvuta kola ya sweta hadi mdomoni. Alizaliwa kijiji kimoja karibu na Segese. Baba yake aliondoka kwenda kuchimba Chunya, akapiga simu mara chache, kisha simu zikakoma. Mama yake akaanza kuifuata dhahabu kwa njia yake mwenyewe: panapochimbwa pana watu, na penye watu maandazi yanaliwa. Nyumbani kwao wanazungumza Kisukuma. Kiswahili Limi alikipata shuleni, na mpaka leo hukisema taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Mstari wa pili kutoka kwake alikaa Magesa, mvulana wa umri wake, mtoto pekee wa mama mjane. Magesa alikuwa haongei. Ukimuuliza swali alisimama, akatazama sakafu, midomo ikacheza, jibu lisitoke. Lakini kwenye karatasi aliandika vizuri, ingawa herufi zake zilipinda kama nyayo za kuku. Na mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Siku moja nilimpa kazi ya kugawa madaftari ya insha. Aligawa mstari wa kwanza bila shida kubwa. Alipofika kwa Limi, daftari likaanza kupigapiga kwenye ukingo wa meza kama bawa la ndege.

"Jamani, wamelipua baruti?" Edson, kiongozi wa darasa, alipaza sauti. "Mbona nyumba inatikisika?"

"Baruti gani? Ni Limi kaangaliwa!" akajibu mwingine.

"Magesa, shika nguzo, ndugu yangu, utaanguka!"

Darasa zima likacheka. Magesa akaliacha daftari likaanguka, akarudi kwenye kiti chake na kuficha mikono chini ya mapaja. Limi alikwishavuta kola hadi puani. Niliwatuliza, somo likaendelea.

Tangu siku hiyo kila mtu alijua kwamba Magesa anampenda Limi, kwa kuwa mikono yake imesema. Na Limi, ambaye hakuwahi kupewa kitu na mtu, aliupokea mtetemeko ule kama zawadi. Baadaye aliniambia mwenyewe: "Nilikuwa nasema moyoni, madam, kumbe na mimi mtu anaweza kunitetemekea." Alikuwa anaangusha rula karibu na meza ya Magesa makusudi, ili aiokote, ampe, na yeye auone mtetemeko huo tena. Hawakuzungumza. Rula ilitosha.

Kisha ikaja Jumamosi moja mwaloni. Limi alikuwa amebeba ndoo ya maandazi, anapita nyuma ya rundo la marudio, yaani udongo uliokwisha kuoshwa. Upande wa pili aliwaona Magesa na mama yake wamekaa wanakunywa uji. Magesa alikuwa amempa mgongo nusu, hakumwona. Alinyanyua kikombe na uji ukamwagika kifuani. Akajaribu kwa mikono miwili, ukamwagika tena. Mama yake akakichukua kikombe bila kusema neno, akamnywesha kama anavyonyweshwa mtoto anayeota meno.

Limi alisimama pale na ndoo kichwani hadi mchimbaji mmoja akamwita, "Wewe mtoto, andazi unauza au unatazama sinema?" Ndipo akaondoka.

Katikati ya wiki iliyofuata alikuja kwenye mlango wa ofisi ya walimu nikiwa peke yangu.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, Limi. Ingia."

Hakuingia. Alishika mwimo wa mlango.

"Madam, Magesa hatetemeki kwa ajili yangu."

Nilidhani ni ugomvi wa watoto, nikataka kutabasamu. Akanieleza habari ya uji. "Mimi sikuwepo, madam. Yaani nilikuwepo, lakini yeye hakujua. Na alikuwa anatetemeka vilevile. Anaumwa."

"Umefanya vizuri kuniambia."

"Sijui kama nimefanya vizuri. Wakijua ni ugonjwa, hawatacheka tena. Watamwogopa." Akauachia mwimo. "Na mimi sitakuwa na kitu."

Alasiri hiyohiyo tulikwenda wote wawili kwa Mama Magesa. Anaishi nyuma ya makarasha, chumba kimoja cha matofali mabichi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani na moshi ukitoka kwenye upenyo wa bati. Tulipiga hodi muda mrefu kabla hajafungua.

"Mwadila, mayo," Limi akamwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila. Karibuni, mwalimu. Mtanisamehe, nilikuwa na kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa bado jikoni. Juu ya mkaa palikuwa na kijiko kikubwa cha bati, na ndani yake kidonge cha dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki, saizi ya punje ya mahindi. Wachimbaji wadogo wanafanya hivyo: zebaki inakusanya chembe za dhahabu, kisha wanaichoma hadi zebaki itoweke kwa moshi na dhahabu ibaki. Mbele ya jiko, akipepea kwa kipande cha boksi, alikuwa amekaa Magesa. Kando yake sufuria ya ugali ilingoja zamu kwenye moto uleule.

Alipomwona Limi aliinamisha kichwa. Kipande cha boksi kikaanza kucheza mkononi mwake, na kwa mara ya kwanza Limi hakuvuta kola.

"Mbona mnafunga mlango, mama?" nikauliza.

Mama Magesa alinishangaa. "Dhahabu haichomwi mlango ukiwa wazi, mwalimu. Nani hajui? Jirani akiinusa leo, kesho mwizi anakugongea. Baba yake alinifundisha hivyo. Na kijana ndiye mwanaume wa nyumba sasa, nimwamini nani mwingine akae naye humu?"

Basi kila walipopata chochote, mama na mwana walijifungia, wakaketi na moshi ule mpaka kidonge kigeuke njano. Walifanya hivyo tangu Magesa akiwa darasa la tano, baba yake alipobaki chini duara lilipobomoka. Duara ni shimo la kuchimbia. Lile lilikuwa refu na bovu, matimba yake, magogo ya kushikilia kuta, yameoza, na mwili haukupatikana.

"Hatukumzika," Mama Magesa alisema alipoelewa tumefuata nini. "Nilikwenda kwa mfumu, mganga wetu, akaniambia ni masamva, ni mzimu wa baba yake unamshika mikono ili amfukue. Ndiyo maana amevaa shanga hizo mkononi. Hospitali watamfukua huko chini?"

Limi ndiye aliyepiga magoti mbele yake.

"Mayo, na wewe je? Mikono yako nani ameishika?"

Mama Magesa alitazama mikono yake juu ya kanga. Ilikuwa inatetemeka pia, taratibu, na nadhani alikuwa hajawahi kuitazama. Aliisukuma chini ya kwapa. Baadaye akainuka, akaufungua mlango wazi kabisa.

Zahanati ilimwandikia Magesa rufaa ya kwenda Mwanza. Lakini kabla ya safari, tabibu wa zahanati alitueleza kwa lugha nyepesi. Moshi wa zebaki hauonekani wote. Unaingia mwilini na kuharibu mishipa ya fahamu. Mikono inatetemeka, fizi zinauma, usingizi unakimbia. "Tena mgonjwa anakuwa na aibu isiyo ya kawaida," akasema. "Anakwepa watu. Anashindwa kuongea mbele zao."

Limi alikuwa amekuja kumbebea Magesa begi. Alikuwa amesimama karibu na dirisha.

"Hata kunyamaza, daktari?"

"Hata kunyamaza."

Tulirudi kwa miguu, maana ni karibu. Tulipofika njia panda ya kwao Limi akasema, "Kwa hiyo hata aibu haikuwa yangu." Alikwenda zake. Sikumwita.

Magesa aliondoka Jumapili na mjomba wake, kaka wa mama, ambaye anaishi Mwanza. Jumatatu Limi aliingia darasani akiwa amechelewa kama kawaida, akihema, na kabla hajaketi akasimama. Meza yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi.

Aliipitishia kidole. Akatazama meza za wenzake, zote zimefutwa. Akatazama ya Magesa, nayo nyeupe kama yake.

"Kaa basi, dada, madam anasubiri," Edson akasema.

"Nani alikuwa anaifuta hii?"

Edson ndiye mwenye ufunguo wa darasa. Alijikuna shingo. "We hukujua? Kila nikija kufungua namkuta Magesa mlangoni na kopo lake la maji na kitambaa. Anafuta yako kwanza. Maji yenyewe nusu yanamwagika njiani, anarudi kuchota tena. Aliniambia nikisema atanipiga." Akajaribu kucheka. "Mikono ile, angenipiga na nini?"

Hakuna aliyecheka naye. Limi aliketi, akaweka mikono yake yote miwili juu ya vumbi, na akakaa hivyo kipindi kizima. Sikumwambia afungue daftari.

Tangu asubuhi iliyofuata amekuwa anafika mapema. Amemwomba mama yake maandazi yakaangwe alfajiri zaidi, na mama yake amenung'unika na kukubali. Anafuta meza mbili. Ya Magesa anaifuta kwanza.

Habari kutoka Mwanza si nzuri sana. Dawa anapewa, damu inapimwa, fizi zimepona, lakini kuhusu mikono madaktari wanasema tu wasubiri. Kwa wengine mtetemeko hupungua baada ya miezi, kwa wengine hubaki. Na upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili unaanza kesho. Asiyeufanya havuki kwenda cha tatu. Shule imeomba apewe mtu wa kumwandikia, na jibu halijafika. Mjomba amekwisha kusema kwamba kijana asiyeweza kushika kalamu anaweza kushika fimbo: akishindwa, atampeleka Bukombe kwa ndugu akachunge ng'ombe. Mama Magesa hana nguvu ya kubishana na kaka yake. Siku hizi anachomea dhahabu uani, upepo ukivuma, majirani wakimwona, na tayari ameibiwa mara moja.

Ijumaa alimwita Limi aje azungumze na Magesa kwenye simu. Nilikuwepo, nimekaa kizingitini. Simu iliwekwa sauti ya juu, na kwa muda tulisikia tu magari ya Mwanza.

"Hujambo," Magesa akasema mwishowe.

"Sijambo. Na wewe?"

"Sijambo."

Magari yakapita tena. Mama Magesa akamsukuma Limi kwa kiwiko. "Sema, basi, vocha inaisha!"

"Vumbi lipo?" Magesa akauliza.

"Lipo."

"Jingi?"

"Jingi. Yako naifuta."

"Nakuja Jumapili," Magesa akasema. "Wameniruhusu. Nitajaribu." Hakusema atajaribu nini, na Limi hakuuliza.

Leo ni Jumapili. Baada ya misa tulisafisha darasa kwa ajili ya mtihani. Edson alifagia, wasichana wakafuta meza, na Limi akafuta ya Magesa kwa maji safi, mpaka miguu ya meza. Edson akachovya kitambaa aifute ya Limi.

"Hiyo iache," Limi akamwambia.

"Msimamizi atasema chafu."

"Atasema. Iache hivyohivyo." Kisha akanyoosha mkono. "Na ufunguo nipe mimi. Kesho nitafungua, halafu nitakwenda kukaa kando ya kisima mpaka kengele, ili akija asinikute."

Edson alimtazama, akatazama meza, akautoa ufunguo mfukoni bila mzaha wowote.

Basi la Mwanza hufika hapa jioni, na leo limechelewa. Limi amesimama kituoni tangu tulipomaliza, kando ya Mama Magesa, ufunguo ameufunga kwenye ncha ya kanga. Kila vumbi likiinuka upande wa Geita wote wawili hunyoosha shingo. Mpaka sasa yamepita malori ya mawe na bodaboda tu.