Siku Sukari Ilipoungua

Nilikuwa sebuleni kwetu Shella, nikizipanga picha za seli nilizokuja nazo kutoka maabara ya Kilifi, niliposikia harufu ya sukari inayoungua. Nilidhani mama ametoka jikoni. Nilipoingia nilimkuta amesimama palepale juu ya sufuria, mwiko mkononi, uso ameuelekeza dirishani, akibishana na jirani yetu.

"Shoga, leo unapika udi au unafukuza mbu?" jirani aliuliza kutoka nje, ameziba pua kwa kanga.

"Wee! Pua yako imezoea papa, huwezi kujua udi."

Walicheka wote wawili. Kisha mama akatazama chini, akaona sukari imekuwa nyeusi, na kicheko chake kikakatika kabla ya cha mwenzake.

Mama hupika udi wa harusi, na huo uliokuwa jikoni ulikuwa wa harusi iliyokaribia. Sukari na mawardi, yale maji ya waridi, huchemka mpaka vivute uzi, ndipo hutiwa vipande vya udi, ambari, na mafuta mazuri ambayo kila mpishi humficha mwenziwe. Ukichelewa kidogo, mchanganyiko wote huingia uchungu, na ukiufukiza kwenye chetezo nguo za bi harusi hutoka zikinuka jiko. Kazi hiyo haina kipimo wala saa. Ina pua. Na mama, kwa kadiri ninavyokumbuka, hakuwahi kuunguza.

Mtu mwingine angesema amepitiwa. Mimi sikuweza, kwa sababu ya kile ninachokisoma. Ndani ya karibu kila seli mna mitokondria, vijumba vidogo vinavyoipa seli nguvu za kufanya kazi. Vikiharibika huvujisha sumu. Kwa hiyo seli yenye afya huviondoa mapema. Protini moja hujikusanya juu ya mitokondria mbovu, huita protini nyingine, nayo huibandika alama. Kisha ile mbovu hufungwa ndani ya utando na kuyeyushwa. Usafi huu ukikwama, mitokondria mbovu hubaki, na seli zinazoumia upesi ni zile za ubongo zinazosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Kwa baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, kasoro ya kurithi katika protini hizo ndiyo chanzo. Kwa walio wengi, chanzo hakijulikani kikamilifu. Na kwa wengi, kabla mkono haujaanza kutetemeka, hisi ya kunusa hupotea.

Sentensi hiyo ya mwisho nilikuwa nimeiandika mwenyewe katika utangulizi wa tasnifu yangu, nikaona imekaa vizuri, nikaendelea na nyingine.

Nilibishana na nafsi yangu. Pua hupotea kwa mafua, kwa umri, kwa homa iliyopita. Lakini kesho yake nilimsindikiza mama dukani, nikatembea nyuma yake makusudi. Mkono wa kushoto ulikuwa ukienda na kurudi chini ya buibui. Wa kulia ulitulia ubavuni, kama umebeba kikapu ambacho hakikuwapo. Mkono mmoja kuacha kupunga ni dalili nyingine, lakini nikajiambia buibui linadanganya macho. Nikahama upande wa pili wa njia ili nihakikishe, nikakaribia kugongwa na baiskeli.

Mwenye duka, mzee wa Kihindi ambaye familia yake imeuza manukato mtaani tangu enzi za babu yake, alimwekea mama chupa za mawardi juu ya meza.

"Mama, zamani ulikuwa unafungua chupa zangu zote, unanimalizia harufu bure. Siku hizi unanunua kama anayenunua chumvi."

"Nimekuamini, bwana."

"Ah, baada ya miaka yote hii ndiyo umeniamini leo?"

Mama alicheka tena. Nilianza kukichukia kicheko kile.

Jioni, kabla ya magharibi, nilifanya jambo ambalo mpaka sasa sijui kama lilikuwa la mtafiti au la mtoto. Niliweka karafuu katika kikombe kimoja, kahawa katika cha pili, mawardi katika cha tatu, nikamwomba mama afumbe macho, tucheze.

"Karafuu," alisema kwa kikombe cha kwanza, nami nikapumua.

"Karafuu," alisema kwa kahawa.

Cha tatu alikinusa kwa muda mrefu. Kisha akafumbua macho, akavitazama vikombe, akanitazama mimi.

"Nimekuwa panya wako wa maabara?"

"Mama, tangu lini?"

Alikunja kanga magotini, akaikunjua.

"Muda sasa. Nikishapika, naufukiza kidogo, namwita jirani. Namtazama uso. Akifumba macho, najua udi umekaa. Akiuliza habari za watoto, najua haukukaa."

Nilimwambia. Nilianza na mitokondria, maana huko ndiko ninakojua njia, nikazunguka sana, mpaka akanikatiza.

"Mwanangu, sema jina lake."

Nililisema. Nikaongeza haraka kwamba huenda siyo, kwamba mimi si daktari, kwamba yuko bingwa wa mishipa ya fahamu anayeweza kumpima, na kwamba hata ukiwa ndio, zipo dawa za kuupa mwili nafuu, ingawa ya kuurudisha ugonjwa nyuma bado haijapatikana.

"Na nyinyi huko Kilifi ndiyo mnayoitafuta?"

"Tunatafuta kujua kwa nini usafi unakwama. Hatujafika kwenye dawa."

"Basi hamjafika." Alisema bila ubaya. "Siendi. Nikionekana nikipimwa mkono na kichwa, harusi hii itanitoka, na zijazo zote. Nani atampa mgonjwa udi wa mwanawe?"

Nilikuwa na hoja nyingi, zote zimepangwa. Nilizitoa moja baada ya nyingine, naye akazisikiliza kwa adabu, kama anavyowasikiliza watu wa kampeni. Mwishowe akainuka.

"Udi wa harusi nitaupika upya kesho. Wewe utakuwa pua yangu. Ukitoka sawa, nitakwenda kwa huyo bingwa wako. Ukiungua, tusiongee tena."

Asubuhi nilisimama juu ya sufuria nikiwa na hofu ambayo darubini haijawahi kunipa. Sukari ilinukia utamu, kisha utamu zaidi, kisha kitu kama ganda la mkate. Je, ndipo hapo, au pameshapita? Maabarani ningerudia jaribio.

"Bado?"

"Bado."

"Bado?"

"Sijui, mama."

"Jua."

Harufu ilibadilika, au nilidhani imebadilika.

"Sasa. Ondoa."

Hakuuliza mara ya pili. Aliinua sufuria, akaishusha sakafuni, akamimina udi na ambari. Jirani alipoitwa alikuja akijifuta mikono, akainamia chetezo, akafumba macho.

Lakini mimi sikuwa nikimtazama jirani. Nilikuwa nimeona kwamba mama, ambaye siku zote huinua kila kizito kwa mkono wa kulia, sufuria aliiinua kwa wa kushoto.

"Nimekuona ukitazama," aliniambia, bila kugeuka. "Mpigie huyo bingwa. Na jirani atakuja pia, maana wewe utanichosha kwa maneno."