Makuyu ya Kasuku wa Nyanya

Mungu asifiwe, aliyenilisha tangu utotoni hata leo meno yamekwisha.

Juzi huko Kutus nilimwona kasuku ndani ya tundu nje ya duka, akilishwa chipsi zenye chumvi. Rafiki yangu, moyo uliniuma. Nilimkumbuka kasuku wa nyanya, miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipotufungia kijijini karibu na Nyeri, handaki lenye vijiti vilivyochongwa likituzunguka pande zote. Nyumba zilibanana hata jirani akikohoa ulimwambia pole ukiwa kitandani. Tuliruhusiwa kutoka saa moja tu kwa siku, kutafuta maji na chakula.

Kibandani tulikaa watatu: nyanya, mimi na yule ndege wa kijani. Sisi tulikula ugali, naye alikula punje za mahindi, mpaka akaanza kujinyonyoa kifua. "Mahindi humjaza tumbo," nyanya alisema, "hayamjazi manyoya." Basi punje zikapunguzwa. Kila asubuhi nilimkatia majani ya managu na kumbadilishia maji. Yaliyokosekana ni matunda.

Siku moja nilivuka mto nikachuma makuyu kando ya msitu, mahali palipokatazwa kwa sababu ya wapiganaji waliojificha humo. Langoni, homgadi, askari mwenyeji wa serikali aliyekuwa jirani yetu wa zamani, akapekua kiondo changu.

"Hii matunda ni ya msitu. Nani amekupatia?"

"Ni ya kasuku wa nyanya."

"Ati kasuku! Ama umepelekea watu wa msituni chakula, wakakurudishia shukrani?"

Akanishika mkono hadi nyumbani. "Cucu," alimwita nyanya kama bibi yake mwenyewe, "huyu ndege akikataa hii matunda, nyinyi wawili mtalala kituoni."

Nyanya akampa ndege kuyu moja. Ndege akaliuma, akalitupa chini. Alikuwa amezoea mahindi.

Nyanya hakumsihi. Aliketi mbele ya tundu, akala kuyu polepole, akilamba vidole na kuguna kwa utamu, kana kwamba hapakuwa na bunduki mlangoni. Akala la pili. La tatu lilipofika mdomoni, kasuku alishindwa kuvumilia: akapenyeza kichwa katikati ya fito, akalipokonya.

Homgadi alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mlafi kama marehemu mzee wako, Cucu!" Kisha akabeba kiondo na makuyu yote yaliyobaki, akaniamuru nisitoke tena nje ya kibanda. Mwezi mzima mimi na kasuku tulitazama nje kupitia ufa mmoja wa mlango.

Leo handaki limefukiwa, juu yake pana kahawa. Mikuyu ilikatwa. Kwa miaka mingi niliwasimulia watoto jinsi nyanya alivyoigiza vizuri siku ile. Sasa mimi mwenyewe ni nyanya, na nakumbuka kwamba ugali wa jioni ulipopakuliwa, yeye alisema kila mara ameshiba. Hakuwa akiigiza. Alikuwa na njaa.

Wewe unayesoma, Mungu akupe chakula cha kutosha, na mtu wa kula naye.