Mabata Niliowachinja Baada ya Kufa

Kila nikisimulia habari hii huwa naanza na baridi, ili msikilizaji anionee huruma kabla hajajua nilichofanya, lakini leo naanza na aibu yenyewe: mimi, kijana niliyesoma mpaka chuo kikuu, niliyebishana na kila shehe na kila padri aliyenipa nafasi, niliwahi kuwakata shingo mabata tisa waliokwisha kufa, nikawapelekea watu niliotaka wawe wakwe zangu, nikasema nimewachinja wakiwa hai. Tena nilidanganya mara tatu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwezi wa Julai, nami nimerudi nyumbani Mbeya kutoka masomoni Kampala, nikingoja kupangiwa kazi. Baba yangu, fundi cherehani pale karibu na soko, alikuwa amepeleka posa Iringa, Kihesa, kwa Mzee Nassoro, muuza vitambaa ambaye babu zake walitoka Kilwa. Binti aliitwa Zuhura. Nilikuwa nimezungumza naye mara tatu tu, mbele ya watu, na katika mara hizo tatu alinikatiza mara mbili kuniambia kwamba nimekosea (na kweli nilikuwa nimekosea), nikarudi Mbeya nikiwa sina hamu ya kubishana na mtu mwingine yeyote. Nilimtaka yule binti, na sijapata kutaka kitu kama vile tena.

Mzee Nassoro akatuma salamu kwamba jibu atalitoa Jumamosi baada ya sala ya alasiri, wazee wa pande zote mbili wakae, wale pamoja, na kwa kuwa ni kipupwe, wakati mabata mwitu wanapojaa Usangu mpaka maji hayaonekani, angefurahi kuonja. "Mwambieni kijana atuletee mabata," alisema, "tuone kama msomi na porini anakujua."

"Nenda na Mwalimu Shabani wa madrasa," baba akaniambia. "Ndege akianguka, yeye atamwahi."

Kwetu sisi Waislamu ndege aliyepigwa risasi bado si kitoweo. Lazima mtu akimbie, aingie majini, amkamate angali na pumzi, apige bismillahi, amchinje. Ndiyo maana mawindo ya bata yana watu wawili, mmoja wa bunduki na mmoja wa kisu, na wa kisu ndiye anayelowa.

"Baba, mikono ninayo," nikajibu. "Ya nini kumtesa mzee wa watu na baridi hii?"

"Mikono unayo, naiona. Nakuuliza kama utaingia majini."

"Nitaingia."

(Ukweli ni kwamba sikutaka kusafiri na Mwalimu Shabani kwa sababu mara ya mwisho tulibishana juu ya majini na mashetani, akanishinda.)

Mwenye bunduki alikuwa Bwana Pritamu, Kalasinga fundi wa malori, rafiki wa baba wa miaka mingi, aliyekuwa na safari yake ya Iringa na lori lake. Tukaondoka Alhamisi jioni, tukalala njiani, na Jumamosi… hapana, naona hata leo ulimi unataka kuichelewesha aibu: tuliondoka Ijumaa jioni, na Jumamosi kabla ya jua tulikuwa tumejibanza kwenye matete, ukingoni mwa dimbwi moja upande wa Igawa, ukungu umelala juu ya maji kama blanketi. Pritamu akafyatua. Mabata wanne wakaanguka, mmoja anazunguka akipiga bawa moja, yu hai kabisa, hatua kama thelathini kutoka nilipo. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi nilivyonunua Kampala na soksi za sufu. Nikavua kiatu kimoja na soksi yake. Nikatia kidole gumba majini. Nikavaa soksi, nikavaa kiatu.

"Wewe si kwenda?" Pritamu akauliza.

"Piga wote kwanza. Tutawakusanya kwa pamoja."

"Bata nakufa, bwana."

"Ngoja kidogo, jua linatoka."

Nikarudi kukaa kwenye lori, nikamimina chai kutoka kwenye chupa, na hapo ndipo elimu yangu ikaanza kufanya kazi. Nikajiuliza, kuna tofauti gani kati ya marisau ya bunduki na kisu? Mnyama anakufa, nyama ni ile ile, moto ni ule ule. Nani aliyepima? Yalikuwa maswali mazuri, nakubali mpaka leo kwamba yalikuwa mazuri, ila sikuwahi kuwa nayo kabla ya kutia kidole majini.

Jua lilipopanda nikaingia. Mabata wanane na bata bukini mmoja mkubwa, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, wote baridi kama mawe ya mtoni. Nikakata shingo tisa. Kisu kilipita kama kinapita kwenye kamba iliyolowa, hakikutoka kitu. Nilipiga bismillahi mara tisa, tena kwa sauti, na mpaka leo sijui nilikuwa nikimwambia nani.

Kihesa tulifika saa tisa. Desturi ni kwamba mposaji hakai kwenye jibu la posa, na baba yangu na amu yangu walikuwa wametangulia kwa basi, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kufikisha ndege uani na kutoweka. Laiti ningetoweka! Uani alikuwapo Bi Mwantumu, dada yake Mzee Nassoro, mpishi wa karamu zote za Waislamu mjini pale, masufuria yanachemka, tangawizi na vitunguu saumu vimekwisha twangwa, kwa maana bata mwitu ni mgumu, hutaka kuanza mapema. Akamwinua bukini kwa miguu, akampima uzito, akafurahi. Halafu akatazama shingo.

"Mwanangu, hawa kachinja nani?"

"Mimi, shangazi."

"Wakiwa hai?"

"Hai kabisa. Wakipiga mabawa."

Akanitazama, akamlaza bukini kwenye ungo, na uso wake haukubadilika hata kidogo. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi nichinjie na jogoo huyu mmoja, naona wageni wameongezeka."

Nikapewa jogoo mwekundu mwenye shingo ndefu na macho ya askari. Sikuwahi kuchinja kiumbe hai maishani mwangu. Nyumbani kazi hiyo ilikuwa ya baba, na chuoni tulikuta nyama kwenye sahani. Lakini mtu aliyechinja mabata tisa asubuhi hawezi kuuliza jogoo anashikwaje, kwa hiyo nikamshika nilivyodhani, nikakata nilivyodhani, damu ikaruka mpaka kifuani kwenye kanzu yangu nyeupe, nikashtuka, nikamwachia.

Jogoo akakimbia. Akapita katikati ya masufuria, akapita mlangoni, akaingia barazani walikokaa wazee saba kwenye mkeka, akawazunguka akitapatapa na kurusha damu kwenye kanzu, kwenye vikombe vya kahawa, kwenye kofia ya amu yangu, mimi nyuma yake na kisu mkononi nikisema "samahani wazee, samahani," nao wanainua miguu. Majirani wa Kihehe waliokuwa wakipita njiani wakasimama. "Yuuu!" mama mmoja akapiga kelele, "mkwe kakimbiwa na kitoweo!" Wakacheka mpaka wakaketi chini. Mzee mmoja akamkamata jogoo, akammaliza kwa mkato mmoja, bila hata kusimama.

Hata hapo ningepona. Wazee walikuwa wakicheka, Mzee Nassoro anapangusa machozi, mtu wa kuchekwa huozwa kama mtu mwingine. Lakini Bi Mwantumu akatokea mlangoni amemshika bukini kwa miguu, akamlaza juu ya mkeka, kando ya jogoo.

"Kaka," akasema, "jogoo mmoja kawachafua nyote saba. Sasa mtazame huyu, mkubwa wake mara tatu. Shingo imekatwa, na kifua cheupe kama nguo ya Idi."

Kicheko kikakatika. Mzee Nassoro akapitisha kidole kwenye manyoya, akakitazama kidole.

"Hamisi," akaniita. "Alikuwa hai?"

Baba yangu alikuwa ananitazama. Nikasema, "Alikuwa hai, mzee. Ni baridi. Baridi ya Usangu hugandisha damu." Na nikaeleza, Mungu anisamehe kama yupo, nikaeleza jinsi mishipa inavyojikunja kwenye baridi, kwa Kiswahili kizuri, kwa utulivu, kama mwalimu mbele ya darasa.

Mzee Nassoro akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaagiza Pritamu aitwe kutoka kwenye lori. Akaja akitabasamu, akapewa kahawa.

"Rafiki yangu, kijana alichinja saa ngapi?"

"Yeye nachinja badaye, mzee," Pritamu akasema, anacheka, akidhani anasimulia kichekesho. "Bata nakufa yote. Yeye nakunywa chai, nangoja maji napata moto. Mimi nasema kwenda, yeye nasema ngoja!"

Baba yangu akainuka, akasema, "Tunaomba radhi," akaanza kutafuta viatu vyake kwa haraka, hata akavaa kimoja cha amu.

"Mwanangu," Mzee Nassoro akaniambia, bila ukali, na heri angekuwa na ukali, "ungesema, 'Hawa ni vibudu, niliogopa maji,' ningekucheka mwaka mzima, tungechinja kuku, na ungeoa. Zuhura kawakataa wachumba wawili. Wewe alikukubali. Aliniambia, 'Baba, huyu ana ubishi, lakini hatanidanganya.' Jibu nililokuwa nalo leo lilikuwa ndiyo." Akamsukuma bukini kwangu kwa ncha ya vidole. "Chukua ndege wako."

Nilipotoka Zuhura alikuwa amesimama kwenye dirisha la chumba cha mbele. Alifunga dirisha tu, taratibu, kama mtu anayefunga duka.

Baba alirudi kwa basi, hakutaka kupanda lori nililopanda mimi. Karibu na Ifunda, jua likizama, Pritamu akasimamisha lori, akawasha moto, akamnyonyoa bukini, akamkata vipande, akampika kwa samli, tangawizi na pilipili nyingi, na kwa kweli alipika vizuri, harufu ile ingewaamsha wafu. "Kula, bwana," akaniambia, naye ana huzuni sasa, amekwisha elewa. "Nyama iko nyama tu."

Ndivyo nilivyosema mimi mwenyewe asubuhi, kwa hiyo nikala. Nilikula paja zima kwa ukaidi, gumu kama mpira wa gurudumu, lina ladha ya tope na marisau mawili ndani, na sikuonja haramu wala halali. Nilionja paja la bukini na mwanamke niliyemkosa.

Rafiki zangu wa chuo wakisikia habari hii husema nimeonewa na mila. Huo ni uongo wa nne na sitaki kuuongeza. Kutoamini ni haki yangu, na bado siamini mambo mengi, ila mimi nilitaka kutoamini kwa siri na kuoa hadharani. Zuhura aliolewa Kilosa mwaka uliofuata. Nami tangu siku ile, nikiulizwa swali ambalo jibu lake litaniumiza, najibu upesi, kabla sijapata muda wa kuwa na akili.