Wimbo wa Betri za Kuanikwa

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya wa kigango chetu huku Pito. Alipoanza kuumwa kile kifua ambacho hakikupona, aliomba kitu kimoja tu. Hakuomba nyama, hakuomba kurudishwa hospitali. Alitaka ausikie tena ule muziki wa kaseti kabla hajafa, na kazi ya kuutafuta akanitupia mimi, kwa kuwa ndiye ninayeishi mjini Katandala na nina simu kubwa.

Kaseti yenyewe aliachiwa zamani na padri mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa okestra, vyombo vitupu, vayolini na tarumbeta, hakuna mtu anayeimba. Tuliisikiliza kwa redio ya betri, na betri kwetu hazikutupwa zikiisha. Zilianikwa mkekani pamoja na ulezi ili zipate nguvu kidogo. Sasa jua la Ufipa mwezi wa sita ni la kuangalia tu, ukikaa nalo bado unataka koti. Betri ziliweza kuuvuta mkanda taratibu, basi, na muziki ukatoka mzito, wa chini, wenye majonzi, mpaka mama alikuwa anaacha kupepeta akae asikilize. Ungekuwa na sauti ya mtu tungejua kuna kasoro. Vyombo vitupu, nani angejua?

Mwaka ule ule tulioachiwa kaseti, mdogo wetu wa mwisho alikufa kwa homa. Baba hakulia. Alikaa na redio kutwa nzima, akauchukua ule muziki sauti kwa sauti, akautilia maneno yake mwenyewe, akawafundisha wanakwaya, na mtoto akazikwa nao. Tangu hapo hakuna aliyezikwa kwetu bila wimbo huo. Pale mwishoni besi inashuka, inashuka, mpaka kwenye neno "lala", na hapo wanaume wote tunaachia njiani. Baba peke yake ndiye aliyekuwa na koo la kufika. Kaseti ikaja kutafunwa na redio, wimbo ukabaki.

Basi nikaiimbia simu. Siku hizi ukiiimbia inakutafutia, na iliupata mara moja. Nilibonyeza nikiwa nimesimama nje ya duka, na kusema kweli miguu ilianza kucheza kabla akili haijaelewa. Ulikuwa mwepesi, uko juu, umechangamka, muziki wa watu walioshiba wakizunguka ukumbini. Mwenye duka akaniuliza kama naoa. Nilikuwa nakumbuka kijisanduku cha mdogo wetu, na roho iliniuma vibaya sana.

Sikutaka baba ajue. Simu ina mahali pa kupunguza spidi, nikaipunguza mpaka ukafanana na wetu, nikapanda bodaboda hadi nyumbani.

"Shikamoo baba. Nimeupata."

"Marahaba. Hebu."

Alisikiliza amefumba macho, kidole kikipiga mwendo juu ya blanketi. Kisha kidole kikasimama.

"Mwendo ndio wenyewe," akasema. "Lakini ufunguo uko juu. Nani kauchezea?"

Hilo sikulijua. Simu inapunguza mwendo tu, sauti inaiacha pale pale ilipo. Redio yetu ilikuwa inashusha vyote viwili kwa pamoja. Mtu ameshindwa hata kushika kijiko, lakini sikio lake zima. Nikamwambia labda ni spika.

"Usinifanye mtoto. Weka kama ulivyoukuta."

Nikauweka. Ukapiga mwanzo hadi mwisho mle ndani, kwenye harufu ya dawa na moshi wa kuni, na sijawahi kuuchukia muziki kama siku ile. Ulipoisha akavuta pumzi kwa shida.

"Betri," akasema. "Ni zile betri. Nimezika watu wote hawa kwa muziki wa kuchezea harusi."

"Baba, hakuna anayejua."

"Mimi najua. Nikifa msiniimbie huo. Wala mtu mwingine asiimbiwe tena."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Hakupandisha sauti. "Na mwanangu?" akamuuliza. "Tumfukue tumwimbie upya?"

Baba akageukia ukutani. Hakumjibu siku hiyo, wala siku zilizofuata, na alikufa bila kumjibu.

Makaburini niliwapa wanakwaya agizo lake. Wakataka kujua sababu, nikawafokea. Ningewaelezaje, na karibu kila mmoja wao ana mtu wake pale chini aliyesindikizwa na wimbo ule? Nyimbo nyingine walikuwa nazo, ila hakuna aliyethubutu kuanzisha. Jeneza likashushwa kimya kimya, upepo unahangaika na kanga za wanawake.

Ndipo mama akaanza. Hakuna aliyempa sauti, na akaanzia pale pale, chini, kwenye ufunguo wa betri zetu, taratibu vile vile. Nilikuwa nimemwahidi baba moyoni kwamba nitamzuia yeyote. Lakini kaburi la mtoto liko hapo hapo pembeni, na macho ya mama yalikuwa huko. Nikashindwa. Nikaingia na besi, na kwaya nzima ikafuata.

Tulipofika mwishoni besi tukashuka, mmoja mmoja wanaume wakaachia, nami nikaishia pale ninapoishiaga siku zote. Kwa mazoea tu, wote tukanyamaza kumsubiri baba.